Kokteli ya Matunda ya Kijapani Bila Chupa ya Kijapani

*Swali: "Mwezi uliopita rafiki alinipeleka mkahawa wa Kijapani kule Westlands. Nikaletewa glasi ndefu yenye juisi ya balungi, pombe ambayo hata sikuisikia, na gesi inayochoma puani. Nimejaribu kuitengeneza nyumbani mara tatu kwa vodka, juisi ya pakiti, soda ya limau na barafu. Mara zote imetoka kama dawa ya kikohozi ya watoto. Shochu na yuzu, yaani pombe na tunda la Kijapani, nimevitafuta mpaka nimechoka, na chupa moja niliyoiona bei yake ilinifukuza dukani. Jumamosi nina wageni, tutakuwa watu 8, na mmoja wetu hanywi pombe. Nifanyeje?" (Msomaji, South B)*

Dada wa South B, pole kwa hizo glasi tatu. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta za baa za Nairobi zaidi ya miaka kumi, na niliyomwaga kwenye sinki ni mengi kuliko yako.

Ulichokunywa kinaitwa chuhai. Jina lenyewe limeunganishwa: "chu" ya shochu, "hai" ya haiboru, yaani pombe kali iliyorefushwa kwa maji ya soda. Kwenye izakaya, vile vibaa vyao vya kula na kunywa, utakikuta pia kwa jina la sawa, neno walilolichukua kwa Waingereza kwa maana ya uchachu. Kwa hiyo mtu akisema "remon sawa" kule Tokyo hajakubaliana na yeyote, ameagiza ya limau. Ukiagiza ile ya balungi, mara nyingi unaletewa nusu ya tunda na kikamulio chake, ukamue mwenyewe mezani. Ya makopo nayo ipo tangu kampuni ya Takara ilipoitoa mwaka 1984, na leo imejaa kwenye kila duka la mtaani Japani. Ni kinywaji cha watu waliotoka kazini. Hakina siri ya kifalme.

Nimesoma orodha yako ya vitu mara mbili, na kukosa shochu si tatizo lako. Umetia sukari mara mbili, kwenye juisi ya pakiti na kwenye soda ya limau, halafu ukaviweka vyote vikiwa na joto la jikoni juu ya vipande vichache vya barafu. Chuhai nzuri ina vitu vinne tu: pombe isiyo na kelele, tunda lililokamuliwa leo, maji ya soda yasiyo na sukari, na baridi kali. Ujapani wake uko zaidi kwenye hiyo baridi kuliko kwenye chupa, na ndiyo maana nitakuchosha kidogo na habari za barafu.

Lakini tuimalize chupa kwanza. Watu wengi hapa huchanganya sake, shochu na soju. Sake ni mchele uliochachushwa, nguvu yake huwa karibu asilimia 15. Kwa njia ya kutengenezwa ni jamaa ya busaa. Shochu imetoneshwa, yaani imechemshwa na mvuke wake ukakusanywa, kwa hiyo kwa njia hiyo hiyo ni jamaa ya chang'aa (usicheke, ni kweli), ila inatengenezwa kiwandani chini ya sheria. Soju ni ya Korea, na zile chupa ndogo za kijani zenye ladha ya pichi au zabibu zina sukari yake tayari. Ukiitumia hiyo utarudi kule kule kwenye dawa ya kikohozi.

Shochu nayo iko ya namna mbili. Ipo ya kutoneshwa mara moja, yenye harufu ya viazi vitamu, shayiri au mchele iliyotokana navyo. Hiyo hunywewa kwa heshima, na maji au barafu. Ipo ya kutoneshwa mfululizo mpaka inabaki safi, karibu haina harufu, na hii ndiyo inayoingia kwenye chuhai nyingi. Mara nyingi hutengenezwa kwa molasi, yale masalio meusi ya kiwanda cha sukari. Sasa fikiria: Muhoroni nako molasi hutoneshwa ikawa spiriti. Tena Wajapani wa visiwa vya Amami wana shochu yao ya sukari nyeusi ya miwa, mtindo unaoruhusiwa kutengenezwa huko tu. Kwa hiyo pombe nyeupe ya miwa inayouzwa Kenya, au vodka yoyote isiyo na ladha, haikuaibishi hata kidogo. Kati ya hizo mbili mimi huchukua ya miwa. Ina utamu mdogo wa mbali unaoelewana na balungi.

Kitu kimoja tu: usibadilishe kipimo kwa kipimo. Shochu ya kawaida ina asilimia 25, pombe za dukani kwetu nyingi zinakaribia 40. Mililita 60 za shochu zina mililita 15 za kilevi halisi. Kupata hizo 15 kutoka chupa ya asilimia 40 unahitaji mililita 37 na nusu, ambazo ni vijiko viwili na nusu vya mezani. Soma lebo, piga hesabu yako. Kwa kulinganisha, Tusker ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina mililita 21. Glasi yetu basi ni nyepesi kuliko bia moja, lakini inateremka kama juisi, na mtu anaweza kumaliza tatu kabla hajajua ameanza. Waambie wageni mapema. Na chupa yenyewe inunue duka unalolijua, kisha uikague stempu ya mamlaka ya mapato (KRA) kwa programu yao ya simu, Soma Label. Nchi hii imezika watu wengi kwa sababu ya methanoli, ile pombe yenye sumu, na kwa macho au kwa pua huwezi kuitambua.

Sasa barafu.

Miaka yangu ya kwanza kazini, mgeni mmoja wa Kijapani alinirudishia glasi kabla hata hajaionja. Hakusema neno. Aliishika tu, akaniwekea kaunta, akanielekezea kidole kwenye glasi. Nilikuwa nimeitoa kwenye mashine ya kuoshea, bado ina uvuguvugu. Niliona aibu mpaka masikio. Tangu siku hiyo glasi zangu hulala kwenye friza.

Sababu yenyewe si madaha. Gesi iliyo kwenye maji ya soda hukaa ndani kulingana na baridi: maji ya nyuzi 0 hubeba karibu mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 20. Ukimimina soda ya joto juu ya juisi ya joto, unaisikia gesi yote ikiondoka kwa kelele, na kinachobaki ni maji matamu. Sisi wa Nairobi tuna mkosi wa ziada. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya Mombasa, kwa hiyo gesi hapa ina haraka zaidi ya kutoka. Ndiyo maana ninasema kila kitu kiwe baridi: chupa ya pombe kwenye friza (ya asilimia 40 haigandi katika friza ya nyumbani), juisi kwenye friji, shira (ile sukari ya majimaji nitakayokueleza mbele) kwenye friji, maji ya soda chini kabisa kwenye friji usiku mzima. Barafu si kazi yake kupoza kinywaji. Kazi yake ni kukiweka baridi.

Vile vipande vidogo vya trei vinayeyuka upesi kwa sababu vina uso mwingi kwa uzito mdogo. Tafuta makopo ya mtindi au ya majarini, yaoshe vizuri, gandisha mabonge makubwa, kisha uyavunje ndani ya taulo safi kwa mchi wa kinu. Tumia maji unayokunywa wewe. Kama ya mfereji huyanywi, barafu yake pia huinywi. Na ufunike! Barafu huvuta harufu, na ikilala friza moja na omena bila kifuniko, wageni wako watakunywa chuhai ya omena.

Ukitaka ile barafu angavu kama kioo, chukua kikasha kidogo cha kuhifadhi baridi kinachoingia kwenye friza yako, kijaze maji, kiache wazi bila kifuniko. Maji yataganda kuanzia juu kwenda chini, yakisukuma mapovu na chumvichumvi kuelekea chini. Kitoe kabla chini hakujaganda, mwaga maji yaliyobaki, ukate ile sehemu angavu kwa kisu cha mkate chenye meno. Ni kazi ya karibu siku nzima kwa sababu ya urembo tu. Kama Ijumaa stima imepotea kwenu, achana nayo, nenda kituo cha mafuta ununue barafu ya mfuko. Kwa watu 8, kila mmoja glasi mbili, chukua kilo 6. Utaona ni nyingi, lakini hazitabaki.

Tuje kwenye matunda, ambako Nairobi inaishinda Tokyo mbali. Balungi, lile tunda kubwa la jamaa ya chungwa lenye uchungu kidogo, utalipata Marikiti au City Market, na kwa wauzaji wa barabarani usipolipata mara ya kwanza, uliza, kwa sababu wengi wanaliweka nyuma. Chagua lililo zito kwa ukubwa wake. Likamue siku hiyo hiyo, saa chache tu kabla ya wageni, ulichuje kwenye kichujio cha chai chenye matundu madogo. Kuchuja kuna maana yake. Vipande vya nyama ya tunda huwa vituo vya gesi kujikusanya na kutoka, na kinywaji chenye nyuzinyuzi hupoa ladha upesi. Kwa sababu hiyo embe, ambalo ninalipenda kuliko matunda yote ya dunia hii, silitii kwenye chuhai kama juisi. Lina uzito wa uji. Lile la nyanya ya mti nalo vivyo hivyo.

Hayo mazito yana njia yake: yagandishe. Kata embe au nanasi vipande vya ukubwa wa kete za bao, tandaza kwenye sinia, gandisha usiku, kisha vitumie badala ya nusu ya barafu. Vinapoza bila kuongeza maji, na mwishoni mgeni anakula vilivyobaki kwa kijiko. Wajapani wenyewe wana ujanja wa jamii hii. Kampuni ya Suntory ina chuhai ya kopo inayoitwa -196, namba ambayo ni joto la naitrojeni ya majimaji: matunda mazima hugandishwa nayo, ganda na yote, yakasagwa unga na kulowekwa kwenye pombe. Sisi friza ya -18 inatutosha.

Pasheni ndiyo ninayoitamani kwako kama glasi ya pili ya jioni. Ile ya zambarau ya nyanda zetu za juu, ikishakunjamana ganda, ndiyo imekolea. Kamua nyama yake kwenye kichujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Usiitie kwenye blenda, mbegu zikisagika zinaacha chengachenga na uchungu usiopendeza.

Na yuzu? Yuzu ni chungwachungwa la Kijapani, na mkoa wa Kochi ndio unaolima kwa wingi kuliko yote. Ndani lina mbegu tele na juisi ya kubahatisha. Thamani yake iko kwenye ganda, ambalo harufu yake imesimama kati ya chenza na balungi, na uchachu wake ni wa ndimu. Vyote vitatu vinauzwa Nairobi. Basi fanya hivi Ijumaa jioni: osha machenza 6 kwa maji ya uvuguvugu, ukisugua ganda, na balungi moja. Menya ganda kwa kisu kikali, nyembamba, bila ule weupe wa ndani unaoleta uchungu. Weka maganda bakulini na gramu 200 za sukari, yaponde kidogo kwa mchi mpaka jikoni kunukie, funika, uache mpaka asubuhi. Sukari itavuta mafuta ya ganda. Utakuta bakuli limelowa kama kwamba mtu amelimwagia maji. Asubuhi ongeza mililita 100 za juisi ya ndimu, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, chuja, tia kwenye chupa, weka kwenye friji. Hiyo ndiyo shira yako, na nakuahidi ni yenyewe itakayowafanya watu wakuulize umenunua wapi. Usiipeleke motoni. Moto unafukuza ile harufu uliyoihangaikia.

Haya, tuunganishe. Toa glasi kwenye friza, jaza barafu mpaka mdomoni, si nusu. Tia vijiko viwili na nusu vya mezani vya pombe, vitatu vya juisi ya balungi iliyochujwa, na kijiko kisichojaa cha shira, kama mililita 10. Koroga mara kumi na kitu mpaka glasi itoe jasho kwa nje. Barafu itashuka, ongeza nyingine. Sasa maji ya soda, mililita 120 hivi: yateremshe polepole yakipita ubavuni mwa glasi, yasianguke juu ya barafu. Ingiza kijiko kirefu mpaka chini, nyanyua barafu mara moja, kitoe. Mara moja tu! Najua mkono utakuwasha kukoroga, lakini kila mzunguko unafukuza gesi. Kipande cha ganda la chenza kikunje juu ya glasi ili mafuta yaruke, kisha kitupie ndani.

Kwa ile ya pasheni vipimo ni hivyo hivyo ila juisi punguza iwe vijiko viwili na shira iwe kijiko kilichojaa, maana pasheni ni kali. Onja ya kwanza mwenyewe. Kama unaisikia ni tamu, basi imezidi, kwa sababu kinywaji hiki kinatakiwa kikuache ukitaka mkupuo mwingine, na utamu huzima hiyo hamu.

Na tafadhali, chochote chenye gesi usikitikise kwenye chupa yenye kifuniko. Nilifanya hivyo siku moja jikoni kwangu, kifuniko kikagonga dari, na alama ya pasheni iko pale mpaka leo.

Umeuliza pia kuhusu asiyekunywa. Usimpe soda ya chupa akakaa kama mtoto kwenye harusi ya wakubwa. Kenya tuna chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Iloweke kwenye maji moto yasiyochemka kwa dakika chache, ichuje, ipoze kabisa kwenye friji. Weka vijiko vitano vya mezani vya hiyo chai badala ya pombe, kisha juisi, shira na maji ya soda kama wengine. Ndimu iliyo kwenye shira itageuza rangi ya chai kuelekea waridi mbele ya macho yake. Uchungu kidogo wa chai unachukua nafasi ya ukali wa pombe, kwa hiyo kinywaji hakibaki juisi tupu. Ukikosa hiyo, chai ya kijani ya kawaida inafaa. Wajapani wenyewe huchanganya shochu na chai ya kijani.

Kabla sijasahau: balungi halipatani na baadhi ya dawa. Simvastatini ya kolesteroli na felodipini ya presha ni mifano miwili. Tunda hilo huzuia mwili kuivunja dawa, na dawa ikazidi kwenye damu. Kama kuna mzee au yeyote kati ya wageni anayemeza dawa za kila siku, mwulize, na wake mtengenezee kwa chenza. Kumbuka pia ile shira ina ganda la balungi. Kwa huyo chemsha sukari na maji kidogo, ipoe, inatosha.

Hesabu ya soko kwa glasi 16: chupa moja ya pombe ya mililita 750 itabaki kidogo, mabalungi 6 pamoja na lile la shira, machenza 6, ndimu 6 au 7, pasheni 20 kama utaifanya ya pili. Maji ya soda nunua chupa ndogo za mililita 300, nane hivi, usidanganyike na bei nafuu ya chupa ya lita mbili. Ile kubwa ukishaifungua mara ya tatu gesi imekwenda, na wewe utakuwa bado unaimimina ukijiuliza kosa liko wapi.

Jumamosi panga glasi kwenye friza mchana. Wageni wakishaingia na kuketi, tengeneza mbili mbili, usipange nane kwa mkupuo mmoja zikakungojea. Wajapani humiminiana, mtu hajimiminii mwenyewe, na kwa chuhai desturi hiyo inafaa sana: mpe kila mgeni glasi iliyo tayari na chupa yake ndogo ya soda ambayo haijafunguliwa, amwagie jirani yake.